Mali Bila Daftari: Ruzuku kwa Ajili ya Vijana Wetu

(Hotuba ya mwanachama wetu, muuguzi, kwenye mkutano wa jumuiya wa maandalizi ya sherehe za Uhuru)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa nyuma mkidhani sijawaona. 

Nimepewa dakika ishirini. Katibu amekaa hapa mbele na simu yake imeshaanza kuhesabu, kwa hiyo salamu tutapeana kwenye chai.

Nilipokuwa naingia ukumbini, mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nasikia utazungumzia ruzuku. Yaani tunajiandaa kusherehekea tarehe 9 Desemba, siku Mwingereza aliyoshusha bendera yake, na wewe unakuja kutufundisha namna ya kumwomba hela Mwingereza huyo huyo?" Tuliokuwa pale mlangoni tulicheka wote, mzee mwenyewe akiwemo. Lakini swali lake ni la haki, na nimeingia nalo humu ndani. Nitalijibu. Naomba kwanza niseme lililonileta.

Mwaka huu jumuiya yetu imechanga mara nne kwa ajili ya misiba. Mara zote nne ujumbe ulitumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp, na kesho yake jioni zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa imepatikana. Mnajua wenyewe kumsafirisha marehemu hadi nyumbani ni maelfu ya pauni. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyeuliza bajeti. Hilo ni jambo zuri, na sitaki mtu atoke hapa akasema nimelibeza. Siku yangu ikifika nategemea na mimi mtanichangia. Ila mwaka huu huu tulipoomba pauni mbili mbili kwa wiki ili tukodi ukumbi wa vijana siku za Jumamosi, waliojibu walikuwa watu saba. Nimewahesabu. Sisi tunamchangia mtu vizuri sana akishakufa.

Na vijana wetu wako hai. Wengi wao wamezaliwa hapa. Shule inafungwa saa tisa na robo, mama yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, baba yuko barabarani na gari la mizigo, na mpaka saa mbili usiku mtoto ana ufunguo wa nyumba, simu, na kituo cha basi. Mimi kazi yangu ni hospitali. Ninayoyaona huko siruhusiwi kuyasimulia, wala sitayasimulia. Niseme tu kwamba hii habari ya ukumbi wa Jumamosi siichukulii kama habari ya burudani.

Sasa, fedha za kazi ya vijana katika nchi hii zipo. Wengi wetu tunadhani zinatolewa kwa kujuana, kwamba lazima uwe na mtu wako ndani. Nilidhani hivyo na mimi, mpaka nilipoanza kujaza fomu na kugundua kwamba tunachokosa ni makaratasi ya kawaida kabisa.

Mfuko mkubwa kuliko yote ni ule wa bahati nasibu ya taifa, National Lottery Community Fund. Una ruzuku ndogo inayoitwa Awards for All, ambayo kwa hapa Uingereza ni kuanzia pauni 300 hadi 20,000, kwa mradi usiozidi miaka miwili. Fomu yake si ndefu. Vikundi vidogo kama chetu ndivyo vinavyolengwa.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua nimeshagusa kidonda. Kamati ya wakati ule ilipotaja mfuko huu, wenzetu Waislamu walisema fedha ile chimbuko lake ni kamari, na hawawezi kukubali watoto wao walishwe kwa fedha ya kamari. Wengine tukasema fedha ni fedha, ikishafika kwa mtoto imeshatakasika. Tulibishana Jumapili mbili. Mimi nilikuwa upande wa "fedha ni fedha", tena nilisema kwa sauti kubwa. Leo naona nilikosea. Mradi wa watoto ambao theluthi ya akina mama watawazuia watoto wao kuja si mradi wa jumuiya hii, hata ukiwa na pauni 20,000. Vyama vingi vya Waislamu nchini hapa vina msimamo huo huo, na vinapata fedha kwingine. Sisi pia tuliamua kwingine, na kwingine kupo.

Kuna Children in Need ya BBC. Wanangu nyuma mnamjua yule dubu wa njano mwenye kitambaa jichoni, anayeonekana kwenye televisheni kila Novemba. Harambee ile ya televisheni ilianza mwaka 1980, na fedha zake zinatoka kwa watu wanaochangia, shule zinazouza keki, wafanyakazi wanaokwenda kazini na nguo za kulalia. Zinakwenda kwa miradi ya watoto na vijana wasiozidi miaka 18 wenye maisha magumu. Kuna mifuko ya jamii ya mikoa, zaidi ya 40 nchi nzima, inayotunza fedha za matajiri na makampuni ya eneo husika na kuzigawa kwa vikundi vya hapo hapo. Ukiuliza halmashauri yako utaambiwa wa kwako ni upi. Kuna madiwani: katika halmashauri nyingi diwani ana fungu dogo la kusaidia vikundi vya kata yake, na sisi tunaompigia kura hatujawahi hata kumwandikia barua. Na Tesco, wale wanaotoa vitufe vya bluu unapolipa, ukavitumbukiza kwenye boksi lenye majina matatu bila kuyasoma. Yale majina ni vikundi kama sisi, vinagombea ruzuku ya hadi pauni 1,500.

Wote hao, wakubwa kwa wadogo, wanakuuliza karibu maswali yale yale. Una katiba? Una akaunti ya benki kwa jina la kikundi? Nani wanaosaini? Hesabu zako za mwaka jana ziko wapi? Una sera iliyoandikwa ya kuwalinda watoto?

Hapo kwenye kusaini ndipo tulipojikwaa mara ya kwanza. Ombi letu la kwanza kabisa lilirudishwa bila hata kusomwa mradi wenyewe. Mwenyekiti alikuwa mume wa mtunza fedha, na katibu alikuwa mdogo wake mtunza fedha. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu waaminifu ambao walitumia petroli yao na wali wao kwa ajili yetu miaka mingi. Lakini angalieni jinsi dunia hizi mbili zinavyotofautiana: kwetu, ukitaka fedha iwe salama unampa ndugu, kwa sababu ndugu hawezi kukimbia, utampata tu kwenye harusi au kwenye msiba. Kwa mfadhili wa hapa, ndugu wawili kwenye akaunti moja ndiyo hatari yenyewe. Anataka watu wawili wasio na undugu, wasiooana, wasioishi nyumba moja. Sikuelewa kwa nini mpaka yaliponikuta yangu, na hayo nitayasimulia.

Kuhusu kujisajili sitachukua muda. Kikundi chenye malengo ya hisani kikifikisha mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka, sheria ya England na Wales inakitaka kijisajili kwa Charity Commission. Upo mfumo unaoitwa CIO ambao unaikinga kamati isidaiwe binafsi kwa madeni ya kikundi, na katiba ya mfano mnaipata bure. Chini ya mfumo huo hata kijana wa miaka 16 anaweza kuwa mdhamini. Msisahau hilo, nitalirudia.

Kuhusu sera ya kuwalinda watoto, na uchunguzi wa DBS kwa watu watakaokaa na watoto, najua wapo wazee waliokwazika. Mama mmoja aliniambia, "Nimelea watoto saba wangu na watano wa wenzangu, leo nichunguzwe kama mhalifu?" Mama yangu, mimi nimechunguzwa hivyo kila nilipobadili kazi, na daktari mkuu wa wodi yetu naye amechunguzwa. Anayejitolea hatozwi ada ya cheti hicho. Na ukweli tuuseme, kwa sababu humu tuko watu wazima: hata katika jumuiya zetu kuna watoto walioumizwa na watu waliokuwa wakiitwa anko. Cheti peke yake hakitoshi kumlinda mtoto. Lakini mtu anayekataa kabisa kukichukua, mimi sitamwachia wa kwangu.

Nikija kwenye ombi lenyewe, naomba niwapeleke wodini kidogo.

Tulipokuwa tunasomea shahada ya uuguzi hapa, kitu cha kwanza kuingizwa vichwani mwetu ni kwamba huanzi na dawa. Unaanza na mgonjwa. Unampima, unamsikiliza, unaandika tatizo ni nini, ndipo unapanga utafanya nini, unafanya, halafu unarudi kuangalia kama kuna kilichobadilika. Ukiruka hatua ya kwanza, zote zinazofuata ni kubahatisha. Nilipoisoma fomu ya ruzuku kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu nilikuwa naisoma karatasi ya mgonjwa. Tatizo ni nini, umejuaje, utafanya nini, utajuaje kama imesaidia.

Sisi tulikuwa tumeanza na dawa. Rasimu ya kwanza ya kamati ilisema: tunaomba fedha za kununua ngoma sita, jezi, spika mbili kubwa na jenereta. Jenereta, Uingereza. Mpaka leo sijui nani aliiandika. Sababu tuliyotoa ilikuwa "kudumisha utamaduni wetu kwa vijana". Nikampigia simu mwanamama wa ofisi inayosaidia vikundi vya kujitolea hapa mjini. Miji mingi ina ofisi kama hiyo, na ushauri wao ni bure. Alinisomea rasimu yetu kwa upole akauliza swali moja: "Vijana wenyewe wamesema wanataka nini?" Nikanyamaza. Hatukuwa tumewauliza.

Basi tukawauliza. Tuliwaita watoto 31 wa kati ya miaka 11 na 17, tukawapa pizza na karatasi, na wazazi tukawatoa nje. Hilo la kuwatoa wazazi lilikuwa muhimu kuliko pizza. Hakuna hata mmoja aliyeandika ngoma. Wengi waliandika wanataka mahali pa kukaa Jumamosi ambapo hakuna mtu atakayewahutubia. Walitaka msaada wa hesabu, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaelekeza. Wasichana waliandika kwamba kila kinachoitwa cha vijana mwishowe kinakuwa mpira wa wavulana. Na karatasi moja, mwandiko wa mtoto mdogo, iliandikwa kwa Kiingereza kwamba anataka kujua Kiswahili cha kutosha kuongea na bibi yake kwenye simu bila mama kusimama katikati kutafsiri. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Tuliandika ombi upya kwa kutumia karatasi zile. Badala ya "vijana wetu wanahitaji utamaduni" tukaandika: tuliwauliza 31, na 22 wamesema hawana mtu wa kuwasaidia masomo nyumbani. Namba ndogo, lakini ni zetu, tumezihesabu wenyewe. Mfadhili haringi na kikundi kidogo. Anachokichoka ni maneno makubwa yasiyo na mtu ndani yake.

Kosa lingine letu ni aibu. Tunaomba kidogo mno. Tunaona tukitaja kodi ya ukumbi tutaonekana wenye tamaa, basi tunaandika vitafunwa na mipira, halafu mwezi wa tatu tunafungiwa nje. Hesabu ni hii. Ukumbi pauni 18 kwa saa, saa tatu kila Jumamosi, Jumamosi 40 kwa mwaka, hiyo ni pauni 2,160 kabla hujanunua hata biskuti. Ongeza bima, nauli za wanaojitolea, chakula, daftari, mwalimu wa hesabu. Andikeni yote. Mfadhili anajua bei ya ukumbi kuliko nyinyi, na bajeti iliyopungua inamwambia kwamba hamjui mnachokifanya.

Ombi lile lilikubaliwa. Tulipata pauni 8,000 na ushee, kwa mikupuo miwili. Wengine hapa mnakumbuka mwaka ule. Watoto 26 kila Jumamosi, daftari la mahudhurio mlangoni, kijana wa chuo akifundisha hesabu, shangazi mmoja akifundisha Kiswahili kwa kupika, yaani huli mpaka umeomba sahani kwa Kiswahili. Saa ya kwanza ilikuwa ya wasichana peke yao. Hatukuhutubia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa, na familia inayohusika pia imenipa ruhusa, mradi nisimtaje mtu.

Mwezi wa nne wa mradi alifariki mwenzetu mmoja ambaye hapa hakuwa na ndugu hata mmoja. Alikuwa na mama kijijini, mgonjwa, aliyekuwa akisema hatazikwa mtu wake ugenini. Tulichanga kama kawaida, lakini kulikuwa kumetoka msiba mwingine wiki mbili nyuma na mifuko ilikuwa mitupu. Wahusika wa mazishi walitaka malipo kabla ya ndege ya Ijumaa. Alhamisi usiku ilipungua pauni 900. Nilikuwa zamu ya usiku. Saa nane nikiwa mapumziko, simu ikaita. Sauti ikasema, "Dada, kwenye akaunti ya vijana kuna hela. Tunaazima tu, Jumapili zinarudi." Mwenzangu alishaidhinisha upande wake. Ilibaki kidole changu kwenye simu. Nikamfikiria yule mama. Nikabonyeza.

Marehemu alifika, akazikwa kwao. Sijuti kwamba alifika.

Fedha hazikurudi Jumapili. Zilirudi baada ya wiki tatu, zote, hadi senti. Mimi nikajiambia yamekwisha. Lakini ruzuku si sadaka ya jumla. Ikitolewa kwa kazi ya vijana, kisheria ni ya kazi ya vijana, na hakuna kamati wala Mwenyekiti mwenye mamlaka ya kuihamisha hata kwa saa moja, hata kwa jambo la huruma kiasi gani. Mwisho wa kipindi cha kwanza mfadhili aliomba taarifa ya benki. Pauni 900 zilikuwa pale, zimetoka, zimerudi, na tarehe zake.

Kulikuwa na waliopendekeza tuandike kwamba zilikuwa kodi ya ukumbi iliyolipwa kimakosa. Kwenye uuguzi tuna msemo kwamba usichokiandika hukukifanya, na upande wa pili wa msemo huo, ambao hauhitaji kufundishwa, ni kwamba usiandike ambacho hukukifanya. Mtu hupoteza leseni yake kwa hilo. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikaeleza yote, saa, kiasi, sababu, na kwamba aliyebonyeza ni mimi.

Hawakututukana, wala hawakutuita wezi. Walisimamisha mkupuo wa pili mpaka wajiridhishe, na kujiridhisha kulichukua miezi mitano. Ukumbi hausubiri miezi mitano. Tulipofungua tena, kati ya watoto 26 walirudi tisa. Wale 17 wengine walikuwa wameshapata pa kwenda siku za Jumamosi. Baadhi yao walipata pazuri, namshukuru Mungu. Baadhi hawakupata pazuri, na wazazi wao wako humu ndani, wananielewa.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi haikupotea, ilirudi yote. Waliopotea ni watoto, na ndiyo maana nasema leo.

Nikijiuliza ningefanya nini usiku ule, jibu ni kwamba ilipaswa kuwe na jambo la kufanya kabla ya usiku ule. Mfuko wa misiba ulipaswa uwe na akaunti yake na akiba yake, iliyochangwa kila mwezi na si siku ya kilio. Ndipo ninapomrudia mzee wangu wa mlangoni.

Mzee, umeniuliza kwa nini tuwaombe. Jibu la kwanza ni kwamba halmashauri hailali njaa, tunailisha kila mwezi kwa kodi. Nikimwandikia diwani, nadai kilicho changu. Jibu la pili nimelichukua kwenu wenyewe, nyinyi mliokariri Azimio la Arusha shuleni. Azimio lile la mwaka 1967 lilionya kwamba kutegemea fedha za nje kunahatarisha uhuru, na likataja vitu vinne ambavyo maendeleo yanavihitaji: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwemo katika vile vinne. Sisi hapa ardhi hatuna, hata ukumbi huu tunatoka saa tatu kamili au tunaongezewa bili. Tulichobaki nacho ni watu, na uongozi tukitaka. Ruzuku ikiisha, na zote huisha, mradi utasimama kwa hivyo viwili au hautasimama.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Ruzuku iwe nusu. Nusu nyingine itoke humu ndani. Tuko familia kama 60. Kila familia ikitoa pauni 10 kwa mwezi, kwa mwaka ni pauni 7,200. Tukiwa tumesajiliwa, na wanaotoa wakiwa ni walipa kodi waliojaza tamko la Gift Aid, serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni moja. Hiyo ni pauni 1,800 nyingine, jumla 9,000. Ni zaidi ya ruzuku iliyotufunga midomo miezi mitano. Naomba tuelewane hapa: kiingilio cha sherehe hakihesabiki, na mchango wa kumzika mtu fulani usitegemee Gift Aid. Ni mchango wa hiari kwa kazi ya jumuiya, umeandikwa jina na anwani ya nyumbani ya aliyetoa.

Katibu ameinua simu. Namalizia.

Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa nane mchana, tutakutana hapa hapa kuandika ombi jipya. Rasimu ya katiba iko mezani karibu na sambusa, nakala 20, msizifungie maandazi. Ninahitaji watu wafuatao. Mtu mmoja anayejua hesabu, ambaye si ndugu yangu, wala ndugu wa Mwenyekiti, wala wa Katibu. Najua katika jumuiya hii huyo ni adimu, tumeshaoana sana. Ninahitaji wawili wa kusaini benki wasiojua kusema "ndiyo" saa nane za usiku. Na nyinyi mlioko nyuma, nahitaji wawili wenu waliotimiza miaka 16 waingie kwenye kamati, mmoja awe msichana, wenye kura kamili kama ya mzee yeyote. Wazazi wenu msiwaulize leo. Njooni mniambie mimi pale kwenye chai, kwa Kiswahili mlicho nacho.

Jina langu safari hii halitakuwa benki. Nitashika daftari la mahudhurio mlangoni.